Mstari wa Shingoni

Ukiwauliza watu wa Kilwa Kivinje ni nani aliyeifanya kazi fulani nzuri ya mkono, watakutajia mwanamume, na kama hayupo watamtafuta hadi apatikane. Hivyo ndivyo Nassibu alivyosifiwa miaka minane kwa picha ambazo hakuzichora, na mkewe Mwahija, aliyezichora, akasifiwa kwa mkate wake wa kumimina. Mkate wenyewe haukuwa mbaya, lakini haukustahili sifa zote zile.

Nassibu alikuwa mnakili wa misahafu, mwenye hati nzuri kuliko zote za mji. Mkono wake, hata hivyo, ulijua herufi tu. Maua na misuko ya pambizoni mwa kurasa vilikuwa kazi ya Mwahija. Alifunzwa na marehemu baba yake, mnakili naye, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume na hakuona sababu ya kuzikwa na ujuzi wake. Ndiye aliyemfundisha kuchanganya masizi ya taa na ulimbo kupata wino mweusi, kutumia manjano na nili, na kuchonga kalamu ya mwanzi ili iteme wino polepole.

Kisha akaja Mzungu mmoja, daktari, aliyependa kukusanya mimea hata watu wakamwita Bwana Majani. Alitaka mtu wa kumchorea picha za kitabu chake cha maisha ya pwani: mwanamke anayetwanga, seremala na randa yake, watu kisimani. Nassibu aliitikia kabla hajafikiri. Mwanamke wa heshima hakai chumba kimoja na Mzungu, basi Nassibu akawa anachukua karatasi, Mwahija anachora, Nassibu anapeleka, na chini ya kila picha linaandikwa jina la Nassibu. Mara ya kwanza Mwahija aliuma mdomo. Mara ya kumi alikuwa amekwisha kuzoea, au alijiambia hivyo. Angalau karatasi zilikuwa nzuri.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulilegeza hata siku moja. Baba yake alimwonya kwamba mwenye kuchora kiumbe chenye roho, siku ya kiyama ataambiwa akipulizie roho, na hataweza. Lakini kiumbe kilichokatwa kichwa hakina roho ya kudaiwa. Huyo ni sawa na mti. Kwa hiyo Mwahija kila alipomaliza kuchora mtu au mnyama, alichovya kalamu katika wino mwekundu wa zingefuri, uleule wa kuandikia majina ya sura, akapiga mstari mwembamba shingoni. Kuku, punda, seremala, wanawake wa kisimani, wote walikuwa na uzi wao mwekundu. Bwana Majani aliuliza mara moja, akaelezwa, akaandika katika daftari lake na kuridhika. Hatimaye akarudi kwao Ulaya na picha zote, akaacha maagizo kwamba zilizobaki, za askari na maakida na watu wa boma, apelekewe kwa meli ya posta.

Zilizobaki zilikuwa kumi na mbili. Mwahija alizimaliza mwezi wa Shaabani, mwaka uleule ambao watu wa Kipatimu waling'oa pamba ya serikali, wakapokea maji ya dawa, wakashuka kutoka milima ya Matumbi na mikuki yao. Mji jirani wa Samanga ulikuwa umechomwa. Kivinje ilijaa askari wapya, na wageni walikuwa wakifungwa kwa kosa la kuwa wageni. Mtu mwenye akili angeziacha picha zile sandukuni. Nassibu alikuwa mtu wa ahadi. Jumatatu asubuhi alizifunga vizuri kwa uzi, akaenda nazo boma kuzitia posta, na adhuhuri hakurudi.

Alasiri ilisikika hodi barazani. Alikuwa Kibwana, karani wa boma, aliyesoma chuo kimoja na Nassibu utotoni na sasa ndiye mkalimani wa luteni mpya, yule ambaye mji ulikwisha kumbatiza Bwana Miwani. Kibwana hakuvuka kizingiti. Alizungumza huku akiutazama ubao wa mlango.

"Shemeji, Nassibu yuko ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani, shemeji. Kafungwa."

Mwahija alishika mlango. Kibwana akamweleza haraka haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu. Tangu vita vianze kila furushi linafunguliwa. Bwana Miwani alilifungua la Nassibu, akakuta askari wake, sajenti wake na akida wake, mmoja mmoja, kila mtu amekatwa koo kwa wino mwekundu.

"Kaniuliza, hii ni desturi ya hapa? Nikamwambia kweli, shemeji. Nikamwambia sisi hapa hatuchori watu kabisa."

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyomfunga Nassibu.

"Na mwenyewe kasemaje?"

"Kasema kachora yeye, na mstari ni wa dini. Bwana Miwani kauliza ni dini gani ya kukata watu shingo, maana hata wale wa Matumbini wanasema maji yao yametoka kwa Mungu. Kisha kampa kalamu na karatasi. Kamwambia, haya, chora kuku."

"Ya Rabi," alisema Mwahija kwa sauti ndogo.

"Kachora kitu, shemeji. Mimi nilidhani birika."

Yaliyobaki yalikuwa machache. Bwana Miwani aliona Nassibu ni tarishi tu, mchoraji yuko na waasi, na picha zile ni orodha ya watu watakaouawa. Amempa hadi Jumatano saa tatu ya asubuhi amtaje mchoraji. Asipomtaja atanyongwa. Na Nassibu, aliyezoea kuzungumza hata na mbuzi wa jirani, amefunga mdomo.

"Mie simjui mchoraji," alisema Kibwana, "wala sitaki kumjua." Lakini macho yake yalikuwa juu ya vidole vya Mwahija vilivyoshika mlango, na chini ya kucha kulikuwa na nili. Akaaga na kuondoka upesi.

Mwahija kwanza alikasirika. Alimkasirikia Nassibu kwa ahadi zake, Bwana Majani kwa kitabu chake, na baba yake aliyekuwa kaburini miaka kumi na moja. Hasira ilipoisha alilia, na kilio kilipoisha akajitanda kanga ili aende boma saa ileile akaseme, ni mimi. Alikutana na Sada mlangoni. Sada alikuwa jirani wa ukuta mmoja, na ukuta wenyewe haukuwa mnene, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa.

"Ukienda hivyo watanyonga wawili," alisema Sada. "Utasema ni desturi yako. Watakuuliza, iko wapi? Picha zako zote ziko Ulaya."

Haikuwa kweli, na kila mmoja alijua.

Kulikuwa na picha nyingine. Karatasi za Bwana Majani zilipobaki vipande, Mwahija aliwachorea wanawake. Ilianza kwa Sada, aliyetaka picha ya jogoo wake kabla hajachinjwa, na Mungu anajua kwa nini. Mwingine akataka paka. Mwingine akataka mumewe aliyekwenda na misafara ya bara, mwingine mama yake, mwingine nafsi yake siku ya harusi. Hakuna mwanamume aliyejua. Mwahija aliwaapisha wote wasizitoe kamwe makashani, nao wakazificha chini ya kanga za kuvaliwa sikukuu, ambako mume hatii mkono.

"Wakizileta," alisema Mwahija, "bwana ataona kila kiumbe kina mstari. Hata jogoo."

"Jogoo wangu ni ushahidi mkubwa," alisema Sada. "Lakini hawa wengine utawapataje? Leo mwenye picha iliyokatwa shingo ni sawa na mwenye kamba yake mwenyewe."

Jumanne nzima Mwahija alikwenda nyumba kwa nyumba. Alibisha hodi kumi na tisa. Mmoja alimwambia ufunguo wa kasha umepotea, na huku ufunguo ukining'inia shingoni mwake. Mmoja alisema picha yake imeliwa na mchwa. Wengi walilia naye kwa dhati, wakampa maji ya kunywa, wakamsindikiza hadi mlangoni mikono mitupu. Mwahija hakuwalaumu. Yeye mwenyewe hakujua angefanya nini kama aliyefungwa angekuwa mume wa mwingine.

Aliyetoa bila kuombwa mara mbili alikuwa Tawakali, muuza maandazi. Huyu alikuwa Mmatumbi, aliyeletwa pwani utotoni akiwa mtumwa, akapata uhuru wake ukubwani, na siku zile Mmatumbi yeyote mjini alitembea akiutazama ukuta. Kati ya wote yeye ndiye aliyekuwa na sababu kubwa ya kuogopa. Hakuwa amemwona mama yake tangu alipokuwa na miaka saba. Alimsimulia Mwahija mdomo ulivyokuwa, kovu lilivyokaa juu ya nyusi, na Mwahija akachora na kufuta siku tatu hadi Tawakali aliposema, "Basi, huyo."

"Mchukue," alisema sasa, akiitoa karatasi ndani ya chungu cha unga. "Mama yangu amekwisha kuona mabaya yote. Hili dogo."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Kidawa, mjane mwenye umri na ukoo, ambaye mji mzima ulimsalimu kwa kuinama. Picha yake ndiyo Mwahija aliyoitaka kuliko zote, na ndiyo aliyoiogopa kuiomba.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Na usiniombe."

Mwahija akakaa, asiombe. Alimtazama bibi yule akipeta mchele ambao ulikwisha kupetwa.

"Mwanangu Mfaume nilimrudisha kwa Mungu," alisema Bi Kidawa, "nikampa na ardhi sehemu yake. Nilichobakiwa nacho ni karatasi hiyo. Hawa watu wakishika kitu hawarudishi. Waliichukua nyumba ya kaka yangu ya ufukweni kwa siku mbili tu, na leo mwaka wa tisa."

Mwahija aliubusu mkono wa bibi, akatoka na picha tatu ubavuni: jogoo, mama yake Tawakali, na mbuzi mmoja mweupe ambaye mwenyewe alimtoa kwa sharti asitajwe.

Jumatano alikuwa boma kabla ya saa tatu, pamoja na Sada. Uwanjani walikuwa wamesimamisha kiunzi cha mbao na Mwahija hakukitazama. Alitazama meza iliyowekwa barazani, na nyuma yake Bwana Miwani, ambaye alimshangaza. Alitarajia zimwi. Alikuwa kijana mwenye pua iliyobabuka na jua, macho mekundu ya homa, na bilauri ya dawa mbele yake. Tangu Samanga, alisema Kibwana baadaye, hakuwa amelala usiku mzima hata mara moja. Mtu mwenye hofu kiasi hicho, Mwahija alifikiri, huona kisu hata katika ukili wa mkeka. Hilo lilimtisha kuliko ukali.

Nassibu akatolewa. Alikuwa na mnyororo shingoni, ameunganishwa na watu watano wa Matumbini, na askari walimfungua ili asogee mbele. Alipomwona mkewe uso ulimbadilika.

"Kibwana," alisema Mwahija, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, "mwambie bwana picha zote nimechora mimi."

"Mwongo huyo," alisema Nassibu papo hapo. "Hajui hata kushika kalamu. Mwache arudi nyumbani akapike."

"Nyamaza wewe, mchora birika."

Askari wawili wakacheka kabla hawajajizuia. Bwana Miwani akauliza wanasema nini, na Kibwana, baada ya kufikiri kidogo, akamtafsiria yote pamoja na birika. Luteni hakucheka. Aliomba ushahidi.

Mwahija akaweka picha zake tatu mezani. Akaeleza polepole, neno kwa neno, ili Kibwana asipotee: kila chenye roho kina mstari, jogoo, mbuzi, mama wa mtu. Si kisu. Ni kuomba radhi kwa Mungu. Bwana Miwani aliinua jogoo, akamleta karibu na miwani, akamweka chini. Akasema kitu kifupi.

"Anasema," alisema Kibwana, na jasho lilikuwa likimtoka, "jogoo huyu anaweza kuwa amechorwa jana. Mtu anayetaka kumwokoa mumewe anaweza kuchora majogoo usiku kucha."

Ilikuwa akili nzuri. Mwahija angemwapia kwa kitu gani? Sada alikuwa akimwapia kwa niaba yake, kwa jogoo, kwa msikiti, kwa wazee wake wote, na hakuna aliyekuwa akimtafsiri. Sajenti akamshika Nassibu begani.

Hapo ndipo fimbo iliposikika ikigonga ngazi za baraza.

Bi Kidawa alipanda polepole, akiwa amejitanda vizuri kama anayekwenda harusini, na mlinzi aliyetaka kumzuia alijikuta akimpa mkono wa kumsaidia. Hakungoja kukaribishwa. Alivuta kiti cha Kibwana akakaa, akafungua kanga iliyonukia udi, na ndani ya kanga ile kulikuwa na nyingine, na ndani yake karatasi.

Juu yake alikuwa mtoto wa kiume wa miaka sita, amevaa kofia ya baba yake iliyomshuka hadi masikioni, na mkononi kipande cha muwa. Alikuwa akicheka. Pembe za karatasi zilikwisha kuliwa na mende, na katikati palikuwa na mkunjo uliochakaa kwa kufunguliwa na kufungwa. Shingoni mwake kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu, uliokwisha kufifia.

"Huyu ni mwanangu," alisema Bi Kidawa. "Alikufa kwa ndui mwaka wa saba huu. Huyu binti alimchora siku arubaini baada ya mazishi, kwa kumkumbuka tu, nami nikimwelekeza. Mwulize bwana wako, Kibwana. Nani angetaka kumchinja huyu?"

Kibwana alitafsiri. Mara mbili ilibidi aanze upya. Bwana Miwani aliitazama picha ile muda mrefu, akavua miwani yake, na bila miwani uso wake ulikuwa wa mtoto wa watu.

Na nyuma ya Bi Kidawa ngazi zilikuwa zimejaa. Mwanamke wa ufunguo uliopotea alikuwepo. Wa mchwa alikuwepo, na picha yake haikuwa na hata tundu moja. Walipomwona Bi Kidawa akipita na furushi lake asubuhi ile, walisema baadaye, waliona aibu kubaki majumbani. Mmoja mmoja wakaweka karatasi zao mezani, wamegeuza nyuso pembeni: paka, ng'ombe mwenye pembe moja, bibi harusi, mabibi, watoto waliokua na watoto ambao hawakukua. Muuza samaki mmoja aliyekuja kutazama mtu akinyongwa aliona tumbo lake mwenyewe juu ya meza ya serikali, akamtafuta mkewe kwa macho, na mkewe akatazama bahari. Picha kumi na saba, na kila shingo ina uzi wake.

Bwana Miwani akamsukumia Mwahija karatasi nyeupe. "Chora," alisema, kwa Kiswahili chake mwenyewe.

"Nichore nini?"

"Mimi."

Hakuwa amewahi kuchora mbele ya wanaume wageni. Lakini kalamu ilipogusa karatasi, vidole vilikuta kazi vinayoijua. Alichora pua iliyobabuka. Alichora vifungo, kimoja kimelegea, na macho ya mtu asiyelala. Alipomaliza, mkono ulifanya ulichozoea kufanya miaka yote. Ukachovya katika wino mwekundu uliokuwa mezani kwa Kibwana, ukapiga mstari shingoni mwa luteni.

Sada alifumba macho. Sajenti alipiga hatua moja. Bwana Miwani alijishika koo, akaitazama picha, akamtazama mchoraji.

"Anauliza," alisema Kibwana kwa sauti iliyokauka, "hata yeye?"

"Hata yeye," alisema Mwahija. Alikuwa amekwisha kufika mbali mno kuogopa. "Mwambie nisipouweka, siku ya kiyama nitaambiwa nimpulizie roho. Nitaitoa wapi roho ya bwana mkubwa kama huyu?"

Kibwana akatafsiri. Bwana Miwani akamfanya arudie. Kisha kikatoka kifuani mwake kitu ambacho kila mtu alidhani kikohozi, na kumbe kilikuwa kicheko, cha kutu, cha mtu ambaye hajacheka tangu mwezi wa nane. Alifuta macho.

"Mwambie," alisema, na Kibwana akageuza maneno, "ninayo moja tu, na siku hizi ina homa. Mwachieni mumewe."

Kulikuwa na vigelegele ambavyo askari hawakuvizuia. Katika zogo hilo Bwana Miwani aliweka mkono juu ya picha ya mtoto akasema ibaki katika faili ya shauri, kama ushahidi. Bi Kidawa alimtazama Mwahija tu, na Mwahija alitamani ardhi imfunike. Ndipo Kibwana, aliyeogopa kivuli chake tangu Jumatatu, alipoichukua picha kutoka chini ya mkono wa luteni, akaikunja palepale penye mkunjo wake, akamtia Bi Kidawa kiganjani. Alimwambia bwana wake maneno kadhaa ya Kijerumani. Hakuna aliyejua ni nini, na mwenyewe hakupata kusema, lakini Bwana Miwani aliangalia pembeni akaita shauri linalofuata.

Shauri linalofuata lilikuwa la wale watu watano wa Matumbini.

Nyumbani, Nassibu alikunywa maji, akala ugali na papa mara mbili, akaoga, akala tena. Jioni ndipo aliposema habari za wale watu. Walimpisha mahali pa kulala karibu na mlango, palipokuwa na hewa, kwa kuwa alikohoa. Mmoja alimwuliza kama huku pwani mihogo inastawi. Mwahija alimsikiliza, furaha ya kuwa naye ikiwa imemjaa hadi kooni, na aibu ya furaha hiyo ikiwa pamoja nayo. Hakukuwa na mtu wa kuwapelekea wale picha. Alhamisi asubuhi, wale watano walipotolewa kunyongwa, alifunga madirisha yote ya upande wa boma, na Tawakali akaja akakaa naye, wala hawakuzungumza.

Mji ulizungumza kwa niaba yao. Wanaume walilaumu barazani juma zima. Muuza samaki alinuna siku mbili, kisha akaja mwenyewe, mlango wa mbele, kuuliza kama lile tumbo haliwezi kupunguzwa kidogo. Wa pili alitaka punda wake. Wote walimwulizia Mwahija, na Nassibu aliwakaribisha akawapisha, akaenda kukoroga wino.

"Kwa nini hukunitaja?" Mwahija alimwuliza, siku moja kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, wakiwa uani. Alikuwa akimchora, kwa mara ya kwanza tangu waoane. "Jumatatu ileile ungerudi nyumbani."

"Nikarudi kula nini? Nani angenipikia?"

"Sema kweli."

Nassibu alitafuta la kuchekesha, akalikosa. "Nilifikiri wakininyonga mimi, misahafu wataandika wengine. Wakikunyonga wewe, mji utabaki na birika langu."

Mwahija alilia kidogo juu ya karatasi, akaiinua isilowe. Picha ilipokauka, Nassibu aliomba kalamu, na chini yake, kwa hati ile iliyo nzuri kuliko zote za Kivinje, akaandika kwamba hii ni kazi ya mkono wa Mwahija, Mungu amrehemu na wazazi wake. Aliandika polepole, na hakuacha hata nukta. Kisha akaitazama picha tena, akakunja uso.

"Umesahau mstari."

Hakuwa amesahau. Wino mwekundu ulikuwa pale, kalamu ilikwisha kuchovywa mara mbili na kufutwa mara mbili. Alikuwa ameitazama shingo ya mumewe yenyewe, si ya karatasi, ambako mnyororo ulikuwa umeacha alama nyekundu iliyozunguka kutoka sikio hadi sikio, na mkono ulikataa.

"Sitauweka," alisema.

"Na siku ya kiyama? Utaambiwa unipulizie roho."

"Nitasema hii ninayo. Nimekaa nayo mkononi tangu Jumatatu hadi Jumatano, naujua uzito wake."

Mwahija alimimina mafuta ya nazi kiganjani, na Nassibu akainamisha kichwa ili ampake shingo na upande wa nyuma.